Ulikaa upande gani?

Saa nane usiku, Jumanne tarehe 9 Mei 2023 imeshaingia, na mi bado naisikia ile "Aa" ya Mzee. Nimepiga pasi yunifomu ya kijana, nimeosha vyombo ambavyo wala havikuwa vichafu, nimejilaza nimeamka, wapi. Mama yao kalala tangu saa nne na ana haki ya kulala, Alhamisi kapasi leseni (hatimaye jamani!), Jumamosi mfalme wa Uingereza kavikwa taji na kule kazini tukawavalisha wazee wetu kofia za karatasi tukala keki, mdogo wangu kule Tanga kaposwa, yote ya wiki moja na yote ya heri, ila kichwani mwangu kuna kitu kimoja tu, mzee anarudisha picha kwenye koti halafu anafunga kifungo cha mfuko taratibu.

Mzee mnamjua, yule wa kiti cha pembeni pale Fratton Park, uwanja wa Portsmouth, Pompey yetu, nilimwandika wakati wa Ramadhani. Alininunulia chai kama kawaida yake, nikamwambia nimefunga, akaniuliza hata maji? nikamwambia hata maji, basi mechi iliyofuata akaja na kikombe chake akakishika mikononi mpaka kikapoa, hakunywa. Sikumwomba afanye vile. Huyo ndo Mzee.

Sasa nirudi nyuma kidogo maana bila Januari hii ya Jumapili haieleweki.

Tulianza msimu vizuri sana nyie. Siku ya kwanza kabisa 3-3 kwa Sheffield Wednesday, kwao, tukaenda hivyo hatufungwi kwenye ligi mpaka mwanzoni mwa Oktoba Ipswich walipotukata 3-2. Nikawa nawapigia watu simu Tanga nawaambia mwaka huu tunapanda. Halafu ikaja ile homa ya sare. Sare, sare, tena tunaongoza wanarudisha, ukiangalia msimamo sasa hivi tumemaliza mechi 46 na tumetoa sare 19, yaani karibu nusu ya msimu tumegawana pointi na watu. Mwaka mpya Charlton wakaja pale nyumbani wakatupiga 3-1, na ile siku uwanja uligeuka. Nimekaa pale miaka sikuwahi kusikia zomea ile. Watu wanataka kocha Danny Cowley aondoke, yeye na mdogo wake Nicky, waondoke leo leo.

Mi nilikuwa nampenda Cowley. Labda kwa sababu alikuja Machi 2021 tukiwa tumechoka wote na korona, na uwanja mtupu, nikawa namsikia kwenye redio akiongea haraka haraka kama mwalimu anayependa somo lake. Nikageuka nikasema, si kwa ukali, nikasema mpeni muda. Jamaa mmoja nyuma yangu akaniangalia hivi kuanzia kofia mpaka viatu akaniuliza, "Wewe ulikuja lini?"

Mnaoishi huku mnalijua hilo swali. Linaweza kuwa ulianza lini kuja uwanjani, linaweza kuwa ulishuka lini kwenye ndege. Na mi kijana wangu kakaa hapo ananiangalia. Nikamjibu, na nilimjibu kwa sauti, "Mwaka 2008. Nilikuwepo Wembley."

Sikuwepo Wembley siku ile tulipowafunga Cardiff fainali ya Kombe la FA. Mi England nimeingia 2011.

Jamaa wa nyuma akanyamaza, sawa, lakini Mzee ndo aligeuka. Mpaka siku ile tulikuwa tunasalimiana tu, habari, baridi leo, basi. Akavua glavu, akanipa mkono akasema "Basi tulikuwa pamoja." Alikuwa na baridi mkono wake, na aliushika wangu muda mrefu. Kesho yake kibarua cha Cowley kikaota nyasi na mimi nikawa rafiki wa Mzee, kwa uongo.

Miezi minne nimeubeba. Tumeenda na kocha wa muda Simon Bassey, Tottenham wakatutoa FA kwa bao moja la Kane, tarehe 20 Januari wakamleta John Mousinho, umri wake miaka 36, mchezaji-kocha kutoka Oxford, hajawahi kuwa kocha mkuu popote, na watu wakawa wanauliza huyu katokea wapi huyu. Kesho yake tu akaanza na Exeter tukashinda 2-0. Wiki hizo hizo Simba nao wanamleta Robertinho, kaka yangu kanuna kwamba Mgunda wetu wa Tanga kasogezwa pembeni, tukawa tunashindana kwa voisi za WhatsApp nani kocha wake atadumu. Na Mousinho ametulia jamani, nasema kweli. Hatupigi kelele sana lakini timu imeacha kutetemeka dakika za mwisho, Colby Bishop kamaliza na magoli 20 ya ligi, na nakubali wazi kwamba Januari nilikosea, muda haukuwa unamsaidia Cowley wala sisi. Inaniuma kuandika lakini ndo hivyo.

Na kila mechi Mzee ananigusia Wembley kidogo. Unakumbuka jua lile. Unakumbuka foleni ya treni. Alikwenda na kaka yake, na kaka yake hayupo tena. Mi naitikia mm, naangalia uwanjani. Nilifika mahali nikawa naomba kona zipigwe wakati anaongea ili tusimame wote.

Haya, Jumapili. Wycombe, mechi ya mwisho, hatuna cha kupigania, tumeshakwama nafasi ya nane na mchujo wa kupanda daraja umetupita. Hali ya hewa nzuri, watu wamekuja kuagana tu. Mapumziko Mzee anaingiza mkono kwenye koti anatoa picha, picha ya kusafishwa ile ya zamani, pembe moja imekunjika. Umati wa watu wa bluu na skafu juu. Hakunipa mimi, alimpa kijana. Akamwambia, "Muulize baba yako alikaa upande gani, huenda yumo humu."

Kijana akaichukua akaisogeza karibu kabisa na uso, anaangalia, halafu akainua macho kwangu. Na yeye anajua. Tangu mdogo namsimulia Kanu na kibanda umiza kabla hajalala, anaijua ile hadithi kuliko hata mimi. Hakusema kitu. Alinisubiri tu.

Nikasema, "Mzee, sikuwepo. Nilikuwa Tanga. Nilikudanganya siku ile."

Akasema, "Aa."

Akanyoosha mkono, kijana akamrudishia picha, Mzee akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Ndo hivyo. Kipindi cha pili kikaanza, mechi ikaisha 2-2, sare ya 19, wachezaji wakazunguka kupiga makofi na watoto wao, Mzee akasimama akagusa kofia ya kijana akamwambia "Agosti, eh?" na akapita. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Sasa sijui kama ile Agosti ilikuwa ya kijana peke yake au ya wote wawili. Sijui kama alikuwa anawahi watu wasijae mlangoni maana goti lake halitaki ngazi zenye watu. Nimeirudia hiyo mara mia. Kuna mara ile "Aa" inakuwa ya mtu aliyeumia, kuna mara inakuwa ya mtu aliyekuwa anajua siku zote, kuna mara inakuwa ni mzee tu amesema aa. Mama yao anasema ungenyamaza, ungemharibia nini. Kaka yangu anasema ungesema Januari. Wote wako sawa na hakuna anayenisaidia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sikumalizia. Nilisema Tanga nikaishia hapo, kama vile Tanga ni kosa. Kama angenipa dakika mbili ningemwambia yafuatayo.

Ilikuwa tarehe 17 Mei, Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwetu. Kibanda umiza cha barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, kiingilio mia tatu. Mabati yamechemka tangu asubuhi, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, tumebanana mpaka ukitaka kujikuna unamkuna jirani. Na Mzee asingeamini tulivyogawanyika. Watu wa Arsenal wote Pompey, kwa ajili ya Kanu, mchezaji wao wa zamani aliyekuwa Pompey wakati ule, yule alikuwa wao hata akiwa na miaka themanini. Watu wa Man U wote Cardiff, kwa hasira tu, maana robo fainali Pompey walikwenda Old Trafford wakawatoa kwa penalti ya Muntari na Rio Ferdinand akiwa golini baada ya makipa kuisha. Hiyo walikuwa hawajaisamehe. Mi nilikuwa sina timu England wakati ule, mi mtu wa Coastal Union ya pale Tanga, nilimfuata rafiki tu, nikakaa kwenye benchi la nyuma kabisa upande wa mlango.

Dakika ya thelathini na ngapi umeme ukakatika.

Nyie mnajua kelele ya umeme ukikatika kibandani. Mwenye kibanda anakimbilia jenereta, tukatoka vijana watatu kumsaidia, mi ndo nashika tochi ya simu, anavuta kamba haiwaki, anavuta haiwaki, mafuta yananuka, na huku ng'ambo ya barabara kuna kibanda kingine chenye jenereta lake linanguruma. Mara kule ng'ambo ikalipuka. GOOO! Tukasimama tunaangaliana na tochi, hatujui nani kafunga, mtu mmoja wa Man U akaanza kuruka kabisa anashangilia. Halafu akatoka mtoto mbio kutoka kule ng'ambo, hana viatu, anapiga kelele jina moja tu: Kanu, Kanu, Kanu. Basi wale wa Arsenal walinibeba. Mimi! Na tochi yangu mkononi inamulika mabati. Jenereta likawaka baadaye tukaona marudio, Utaka anapiga krosi, kipa inamponyoka, Kanu pale na ile miguu yake mirefu anaisukuma kama anafunga droo. Moja bila mpaka mwisho. Wembley walikuwa watu 89,874, nimekuja kujua baadaye, na sisi tulikuwa kama themanini na sote tulitoka tumelowa.

Na ile wiki nikanunua jezi ya bluu mtumbani pale Tangamano. Ndo nilipoanza. Miaka mitatu baadaye wakala wa kazi ananiambia kuna nafasi Portsmouth nikacheka kwa sauti kwenye simu, akadhani nimechanganyikiwa. Nafika naikuta timu ina madeni mpaka shingoni, ikashuka, ikashuka, 2013 tukajikuta daraja la nne na mashabiki wanachanga pesa kuinunua timu isife, na hapo ndo nilikuwa nakwenda kweli, kwa miguu yangu, baada ya zamu ya usiku, nasinzia kwenye kiti. Hayo sikudanganya. Tukatoka daraja la nne 2017, nilikuwepo. Hapa mjini kazaliwa Haji Mnoga, akakulia kwenye timu hii hii na anachezea Taifa Stars, msimu huu walimpeleka Gillingham kwa mkopo, siku niliyomwonyesha kijana jina lile aliniuliza kwa hiyo inawezekana? nikamwambia si unaona.

Nimeandika haya nikajikuta natabasamu peke yangu jikoni saa hizi. Ile sauti ya ng'ambo bado ninayo sikioni, hata zaidi ya ile "Aa". Ningependa Mzee aijue. Kwamba siku ile ile, na kaka yake pembeni yake, kulikuwa na mtoto peku anakimbia barabara ya kumi na mbili na habari zao. Upande gani? Wa mlangoni, Mzee, benchi la nyuma.

Nimefikiria kumwandikia barua lakini sijui anakaa wapi, sijui hata jina lake la pili, miaka yote tumekaa kwa namba za viti. Mpaka Agosti basi. Tiketi zangu mbili nimeshalipia.

Ila kuna kitu kingine kimenijia sasa hivi wakati naandika ile ya picha. Nilisema kijana aliisogeza karibu kabisa na uso. Pale nilidhani ananitafuta mimi humo ndani. Lakini kipindi cha pili refa wa nne aliinua ule ubao wa kubadilisha wachezaji, zile namba nyekundu kubwa kama sahani, na kijana akaniuliza, "Baba, pale wameandika ngapi?" Nikamjibu bila hata kumwangalia, akili yangu iko kwa Mzee. Na wiki iliyopita mama yao alilalamika anakaa sakafuni mbele kabisa ya tivii. Na mwalimu kwenye ripoti ya Pasaka aliandika anaruka mistari akisoma, sisi tukadhani haraka zake. Leo asubuhi anaanza mitihani ya taifa ya darasa la sita, sarufi na tahajia, kesho kusoma. Yuko chumbani amelala. Nimekwenda kusimama mlangoni mara mbili sasa, nataka kumwamsha nimwonyeshe kalenda ya ukutani aniambie inasomekaje.