Siku moja maishani mwangu: mhunzi wa Dodoma

Saa 12 asubuhi mkaa umeshika. Msaidizi anazungusha rimu ya baiskeli inayoendesha feni, mimi nakata springi kuukuu za malori, maana chuma chake ni kigumu na kinashika makali. Hadi saa 3 nafua majembe. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa hiyo kabla hazijaanza kila mtu analitaka lake leo.

Saa 4 natia visu ugumu. Kisu kikitoka motoni chekundu, nachovya makali tu majini, nasugua upesi kwa jiwe, kisha naangalia joto lililobaki mgongoni likirudi. Rangi ya njano ya mabua ikifika kwenye makali, nachovya tena. Ukichelewa kidogo inageuka bluu, na kisu hicho hakitachinja hata kuku.

Saa 5 akaingia mzee na gunia. Ndani mna gobore la babu yake, la gumegume.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, ni springi tu ya nyundo."

Nililishika kwa heshima. Jiwe likigonga chuma, cheche huangukia kisahani cha baruti, moto ukapenya tundu dogo hadi kwenye mtutu. Springi ikilegea, cheche hakuna. Aliyeifua nyundo ile alikuwa fundi hasa. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, nchi yetu hii, ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na bunduki za namna hii zilipita humo. Lakini mtutu umeliwa na kutu, na ukipasuka unampasukia aliyeushika. Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka anayetengeneza bunduki awe na leseni, nami sina. Nikamwambia alipeleke polisi.

"Mwanangu, nyie wahunzi si ndio mnaoyatengeneza haya?"

Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia. Mzee akaketi. Akaongeza bei, akanikumbusha ujirani wetu, akaongeza tena. Mkaa unateketea bure, mama aliyetoka Bahi anasubiri jembe lake, na mimi narudia jibu lile lile kwa adabu. Alipoondoka, jua lilikuwa limeshapita utosini.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mashoka, mundu, mpini uliopasuka; mkono wa nyundo ukafa ganzi. Yule mama alipopewa jembe alilining'iniza kwa kidole, akaligonga kwa kijiwe, akasikiliza mlio. Akalipa bila kupunguza hata shilingi.