Kabula na darasa la baleti

Jumapili, usiku

Kwa wiki tatu tumekuwa tukizunguka Mwanza kutafuta mahali ambapo Kabula atajifunza baleti, na leo nimeona niandike yalivyokwenda kabla sijayasahau. Ametimiza miaka 12 mwezi uliopita. Hajawahi kuingia darasa la baleti hata siku moja. Anachokijua ni bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, aliyoicheza na kikundi cha shule, jembe mkononi, pamoja na yale anayoyatazama kwenye simu ya mama yake mpaka kifurushi kinaisha. Nilipoanza kuulizia, karibu kila niliyemuuliza aliniambia kwamba amekwishachelewa, kwa kuwa wenzake huanza wakiwa na miaka 3 au 4.

Jibu hilo lilinisumbua, nikaamua kulisomea. Rudolf Nureyev, mchezaji mashuhuri wa baleti, aliingia shule ya baleti ya Leningrad, Urusi, mwaka 1955 akiwa na miaka 17, ingawa alikuwa amekwishacheza ngoma za kwao tangu utotoni. Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufikia daraja la juu kabisa la wachezaji katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la huko Marekani. Hao ni watu wa aina yao, na sikumtajia Kabula hata mmoja, nisije nikamtwisha mzigo usio wake. Mimi mwenyewe nilitulia kidogo, nikaanza kujiuliza mwalimu hufanya nini na mtoto aliyekuja amechelewa.

Mama yangu, anayeishi Kisesa karibu na Bujora na ambaye ujanani alicheza upande wa Bagalu, moja ya jamii mbili za ngoma za Wasukuma zinazoshindana, nilimpigia simu nikitarajia kicheko. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: “Baba Kabula, huyo mjukuu wangu atacheza na rika gani?” Nilimjibu juu juu, kisha wiki hiyohiyo nikaona kwa nini aliuliza.

Darasa la kwanza lilikuwa safi, lenye kioo ukuta mzima na mwalimu mpole. Kwa kuwa Kabula hajui kitu, walimweka na wanaoanza, yaani watoto wa miaka 5 na 6, akasimama katikati yao kama mlingoti wa mtumbwi. Watoto waliambiwa warukeruke kama vipepeo wakilizunguka ua, na yeye, kwa kimo chake, akaambiwa asimame na kuinua mikono. Katika daladala ya kurudi Buhongwa alikaa kimya mpaka tulipopita Mkuyuni, ndipo akasema, “Baba, mimi nilikuwa mti.” Sikumpeleka tena. Mtoto wa umri wa Kabula huelewa maelezo ya misuli na viungo ambayo mdogo wa miaka 5 hawezi kuyaelewa, kwa hiyo kumfundisha kwa hadithi za vipepeo ni kumpotezea faida pekee aliyopewa na kuchelewa kwake.

Mahali pa pili walinikaribisha kwa ahadi. Kufikia Desemba, waliniambia, binti atakuwa amevaa vile viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole, na picha zitapigwa. Kabula alinitazama kwa macho ya kuomba, nami nikatazama chini. Nimefundisha useremala kwa miaka 14, kwa hiyo siwezi kuingia ukumbini bila kuikagua sakafu. Niligonga kwa kisigino mara mbili, nikasikia mlio mfu wa vigae vilivyolazwa moja kwa moja juu ya zege. Sakafu ya namna hiyo hainesi hata kidogo. Mchezaji akiruka na kutua, kishindo chote humrudia kwenye muundi, magoti na mgongo, na kwa saa moja hutua mara nyingi sana. Niliona pia mwalimu akimkandamiza mapaja msichana mmoja aliyelala kifudifudi, magoti yamekunjwa kama ya chura, ili nyonga zifunguke. Msichana alikuwa ameuma midomo.

Kuhusu viatu, nilichosoma kinapingana kabisa na ahadi ya Desemba. Uzito wa mwili mzima huangukia ncha za vidole, wakati mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka 12 bado inakua. Desturi ya walimu makini ni kusubiri angalau umri wa miaka 11 au 12, na umri peke yake hautoshi: lazima kuwe na miaka kadhaa ya mazoezi ya mfululizo, kifundo imara na mgongo unaojishikilia. Ukutani palitundikwa cheti kilichowekewa fremu, nikakisoma taratibu. Kilikuwa cha kucheza. Kuna vyombo, kama Royal Academy of Dance ya London iliyoanzishwa mwaka 1920, vinavyotahini wachezaji na pia kuwaandaa walimu, na hivyo ni vyeti viwili tofauti, kama vile kujua kukalia kiti na kujua kukiunga.

Wa tatu tulimpata Jumamosi, ng'ambo ya mji, upande wa Ilemela. Ni chumba kidogo, rangi imebanduka, lakini chini kuna mbao zilizopigiliwa juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, na nilipokanyaga zilinesa. Mwalimu hakuniuliza kama nitaweza kulipa. Alimuuliza Kabula kama ameongezeka kimo mwaka huu, kama magoti humuuma usiku, na kama anaruka kamba. Kisha akamwambia asimame, visigino viguse. Kabula, kwa kutaka sifa, alizipindua nyayo zake mpaka zikawa mstari mmoja. Mwalimu alichuchumaa, akazirudisha taratibu kwa mikono miwili hadi zikawa kama herufi V, akamwambia akunje magoti. “Goti lifuate vidole. Mguu unafunguliwa kwenye nyonga, si kwenye kifundo.” Nilipouliza habari ya viatu vya ncha alisema huenda baada ya miaka mitatu, na huenda visiwepo kabisa, tena aliyasema hayo mbele ya mtoto. Darasani mwake kuna wasichana watatu na mvulana mmoja, wa miaka 10 hadi 14, wote walioanza wakubwa.

Hapana ukamilifu hapo. Daladala ni mbili kwenda na mbili kurudi, mara mbili kwa wiki, na mkataba wa mwalimu hapa Mwanza unaisha Juni mwakani. Mama Kabula anaona miezi michache ya kufundishwa vizuri inafaa kuliko miaka ya kuwa mti, nami nimekubaliana naye, ingawa nauli nimeihesabu mara tatu.

Leo mchana nimeranda upau wa mninga wa kushikilia wakati wa mazoezi, tuufunge barazani. Baraza ni ya saruji, kwa hiyo tumekubaliana kwamba nyumbani hakuna kuruka. Nilimpima kutoka sakafuni hadi kiunoni nikapata sentimeta 92, nikatoboa tundu la kwanza hapo, kisha mengine mawili juu yake.