Moto wa Kupekecha, Kwale

Likizo ya Agosti 2024 tulivuka feri ya Likoni kutoka Mombasa na vijana wanane wa miaka 14 hadi 17, tukashika njia ya Kombani kuelekea Kwale. Kambi ilikuwa ya tiba, na tuliiweka kwenye shamba la mzee mmoja wa Kidigo, nje ya uzio wa hifadhi ya Shimba Hills, kwa kuwa ndani mna ndovu na mtu hawashi moto wala halali popote apendapo. Watu wazima walikuwa watatu: mshauri nasaha, mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na mzee mwenyewe.

Kazi kubwa, ya kuchagua nani aende, ilikuwa imeshafanyika mjini. Kijana aliyezoea unga, yaani heroini, hakuchukuliwa. Akiukosa hutapika na kuharisha, na maji yakimwishia mwilini porini, hospitali iko mbali. Anayekunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, naye hutakiwa kliniki kila siku. Waliozoea muguka, majani ya kutafuna kama miraa, walikuja, lakini siku za mwanzo hawakupangiwa mwendo mrefu, maana mtu akiiacha hulemewa na uchovu, usingizi na hasira za bure.

Halafu kila mmoja aliulizwa faraghani, mzazi akiwa nje, kama ataka kwenda. Mmoja alikataa, akabaki kwao, na mamake alitukasirikia kweli. Mama alitaka mwanawe abebwe hivyo hivyo. Marekani zimekuwako programu za namna hiyo, mzazi hulipa watu waje kumtoa mtoto kitandani usiku na kumpeleka porini kwa nguvu. Februari mwaka huo huo, katika jimbo la North Carolina, mtoto wa miaka 12 alikufa usiku wake wa kwanza, amelazwa ndani ya kihema cha mtu mmoja, na baadaye jimbo likafuta leseni ya programu ile. Mahema yetu yalikuwa mapana, yenye chandarua mlangoni, na mtu mzima alikesha kwa zamu.

Siku ya kwanza askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aliwashusha hadi maporomoko ya Sheldrick ndani ya hifadhi, yenye kimo cha mita 21, kila mmoja na maji yake. Palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda, hawakuonekana, ingawa Kenya nzima wako huko tu. Vijana wakadai warudishiwe nauli.

Moto ulikuwa wa siku ya pili. Viberiti viliwekwa kwenye sanduku la dawa. Chakula kilipikwa kwa jiko la gesi kama kawaida, kwani kumnyima kijana chakula ili ajifunze ni mateso, si tiba. Kilichosubiri moto wa kupekecha ni chai ya tangawizi peke yake.

“Ami, kiberiti si kipo?” akauliza kijana wa Kibokoni. “Hii ni kutaabishana tu.”

Mzee hakumjibu. Alichukua kipande cha bua la mkonge lililokauka, unene wa sentimita 2, hicho ndicho uwimbombo, mti wa chini unaopekechwa. Ulindi, mti wa kupekechea, ulikuwa kijiti cha mkole kilichonyooka, urefu wa sentimita 60 hivi, unene wa kidole cha mwisho. Akatoboa kishimo karibu na ukingo wa uwimbombo, akakata pengo la umbo la kabari lililokaribia kati ya kishimo, na chini yake akatandika jani kavu la kupokea vumbi. Ulindi husokotwa baina ya viganja huku ukikandamizwa. Viganja hushuka taratibu, na vikifika chini hurudi juu mbio kabla joto halijapotea. Hapo ndipo mtu wa peke yake anaposhindwa. Wakikaa wawili au watatu, mmoja akifika chini mwenzake ameshashika juu. Ndiyo sababu ya kuuchagua moto huu.

Siku hiyo kila kitu kilikataa. Kusi ilikuwa imeleta manyunyu usiku, na miti ilikuwa imevuta unyevu. Vumbi lilitoka la kahawia hafifu, nalo halishiki, linatakiwa jeusi. Ulindi ukaanza kulia, maana kishimo kilikuwa kimeng'aa, ikabidi kitiwe chembe za mchanga. Kisha jasho la kipaji cha uso likadondokea pengoni, wakaanza upya. Kijana wa Kibokoni akauvunja ulindi gotini. Mzee akampa kisu na mti mwingine wa mkole: “Kachonge.”

Mshauri wakati huo alikaa kimya, akitazama nani anamlaumu nani na nani ananyanyuka kuondoka. Wengi hudhani tiba ni yale mazungumzo ya usiku. Mimi naona nusu yake iko hapa, na anayekimbilia kusaidia huiharibu.

Yule kijana alirudi na ulindi mpya. Aliyemkalia mbele alikuwa wa Mtongwe, waliyetukanana naye kwenye feri. Jua likielekea kuzama, mtu akapiga kelele: “Watoka! Watoka moshi!” Kaa la kwanza waliliua wenyewe kwa kulipuliza kwa nguvu. Vumbi likiendelea kufuka baada ya ulindi kusimama, huachwa kidogo lishikane, hupepewa kwa kiganja, ndipo humiminwa kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kupulizwa kwa pumzi ndefu, polepole. La pili lilishika.

Kwenye chai mshauri aliuliza jambo moja: nani alitaka kuacha, na nini kilimrudisha? Wa Kibokoni akasema nyumbani akivunja kitu hufukuzwa. Hakuongeza neno, wala hakuchokonolewa.

Tuliporudi Mombasa, mshauri aliwatembelea majumbani mwao, kwa kuwa kijana akirudi kwenye barza ile ile na ugomvi ule ule, kambi huyeyuka upesi. Babake yule kijana aliombwa mambo mawili: asimfungie mlango usiku, na asimwage makosa yake mbele ya wageni. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili lilihitaji ziara kadhaa.