Nilivyozijua Fukwe za Mji wa Rafiki Yangu

Rafiki yangu alihamia mji wa pwani kikazi, na tangu hapo akawa ananiita nikamtembelee. Nilipopata likizo, kitu cha kwanza alichonitumia ni jedwali la maji kujaa na kupwa. "Chagua siku zako humo, ndipo ukate tiketi," akaniambia.

Mimi nimekulia mbali na bahari, na jedwali lile lilinifunza mengi kabla sijafunga mzigo. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku saa zake husogea mbele. Ufuko ulioukuta mkavu asubuhi ya leo, wiki ijayo saa ileile utakuta umefunikwa. Nikachagua siku za mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi na kujaa juu zaidi. Nilitaka kuiona bahari ikiwa wazi.

Rafiki yangu hakuwa na likizo, na sikutaka kumfunga. Tukagawana: asubuhi natembea peke yangu kwenye fukwe alizonichagulia, ila kuingia majini namsubiri mpaka atoke kazini. Naona huu ndio utaratibu bora kwa mgeni na mwenyeji. Kila jioni alikuwa na hamu ya kusikia nilichokiona, na mimi nilikuwa na la kumwuliza.

Asubuhi hizo ndizo zilizoniteka. Nilikuwa natoka maji yakiwa bado yanapwa, nayafuata taratibu hadi kwenye miamba. Kwenye vidimbwi nilikuta viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kaa wadogo na samaki wanaosubiri maji yarudi. Nilivaa viatu vya mpira, kwani miamba hukata na mle mna viumbe wenye miiba inayoingia mguuni na kukatikia ndani. Kombe za konokono niliziacha palepale, hata zile zilizoonekana tupu, maana aina fulani ya kaa huishi humo.

Jambo moja rafiki yangu alilisisitiza sana: maji yakigeuka, na wewe geuka. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujongea polepole, mtu akadhani ana muda wa kutosha, lakini saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Tena mara nyingi hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, ukabaki umezingirwa huku mbele bado pakavu. Kwa hiyo niliweka kengele kwenye simu ilie kabla ya saa ya kugeuka.

Jioni tulipokutana, hatukukimbilia majini. Tulikaa kwanza mchangani tukitazama mawimbi yanavunjikia wapi. Akanionyesha sehemu nyembamba ambapo hayavunjiki, maji yametulia na povu linaelekea nje. Kwa macho yangu hapo ndipo palikuwa salama kuliko kwingine. Kumbe ndiyo njia ya mkondo unaorudi baharini. Ukikuchukua usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Elea, tulia, kisha ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Nguvu za mtu haziwezi kuushinda, na wengi huangamia kwa kuchoka. Tuliogelea upande mwingine, palipokuwa na waokoaji.

Ufuko nilioupenda kuliko yote niliutembelea maji yakiwa yamekupwa, nikaurudia yamejaa. Sikuutambua. Mwamba niliokuwa nimeukalia ulikuwa chini ya maji kabisa.

Tumekubaliana nirudi siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Wakati huo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo na mikondo yake hupungua nguvu, na yeye ataomba ruhusa kazini tupige mbizi pamoja kwenye miamba ileile.