Toyota Mark II yangu sasa ina turbo

Jamani injini imerudi ndani ya gari, fundi wangu wa Mwanjelwa kaifunga jana jioni na furaha niliyonayo haielezeki. Watu wanadhani turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, unafunga tu unaondoka, hapana, hii injini yangu ya 1JZ-GE imetoka kiwandani na kompresheni (kiasi inavyobana hewa na mafuta) ya 10:1 wakati pacha wake mwenye turbo alikuja na 8.5:1, ukiisukumia hewa nyingi bila kushusha hiyo namba mafuta yanaweza kujilipukia yenyewe na pistoni zikapasuka. Kwa hiyo tuliitoa injini yote, pistoni mpya za kushusha kompresheni, konrodi (mikono inayoshika pistoni) ngumu zaidi, gasketi ya chuma, injekta kubwa za kunyunyizia mafuta. Na huku Mbeya kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, turbo ndo inaipa pumzi! Saivi naenda Uyole narudi mdogomdogo, sikanyagi mpaka ringi mpya za pistoni zikae vizuri.