Lagman ya Wachecheni: hatimaye tambi zimevutika

Zimevutika! Nasema tambi za lagman, supu ya nyama na mboga yenye tambi ndefu, kama wanavyoipika Wachecheni, watu wa milima ya Caucasus kusini mwa Urusi; nimekuwa nikijaribu kuzivuta kwa mikono. Jana jioni nilichukua kamba ya unga nene kama kidole gumba, nikaivuta ikawa kama penseli, nikaipiga mezani, nikaivuta tena mpaka mikono ikaishia, na haikukatika. Waliofuatilia mradi huu tangu mwanzo wanajua nimeulaani mara ngapi.

Supu yenyewe haijawahi kunipa taabu, kwa hiyo naipitia haraka. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi, karai, moto mkali. Nyama ikishaiva rangi tia kitunguu, nyanya, hoho, karoti, figili nyeupe na kitunguu saumu bila ubahili. Maji, chumvi, acha ichemke. Mtu anayejua kupika rosti hahitaji mwalimu hapo. Mimi natia pia ua moja la kile kiungo chenye umbo la nyota, na nalitoa mapema kabla halijatawala sufuria nzima.

Mgogoro wangu wote ulikuwa tambi. Watu wenye lagman yao kwa asili ni Wauighuri na Wadungani wa Asia ya Kati, na hao huvuta tambi kwa mikono mpaka unadhani ni mazingaombwe. Wachecheni waliizoea uhamishoni. Tarehe 23 Februari 1944 serikali ya Stalin ilianza kuwapakia kwenye mabehewa, wao na jirani zao Waingushi, ikawamwaga Kazakhstan na Kyrgyzstan katikati ya baridi. Waliruhusiwa kurudi Caucasus mwaka 1957. Wengi walikufa huko, na watoto waliozaliwa huko walikua wakila chakula cha majirani zao wapya. Ndiyo maana leo lagman ya pilipili inapikwa Grozny, mji mkuu wa Chechnya, kama chakula cha nyumbani. Kwa sababu hiyo simcheki mtu anayekata tambi zake kwa kisu. Mimi tu ndiye niliyeng'ang'ania kuvuta, maana nilishaanza na sikutaka kushindwa na unga.

Na unga ulinishinda kweli. Nilianza na mkando wa chapati ninaoujua, yaani gramu 500 za unga wa ngano kwa mililita 225 hivi za maji. Kamba zinaonekana nzuri, ukivuta shibiri moja, pap! Nikabadilisha unga, nikanunua ule wa mkate wenye protini nyingi zaidi. Huo haukatiki upesi, ila unarudi. Unavuta, unajikunyata, unavuta, unajikunyata. Kila jaribio lililokufa niliishia kulisukuma likawa chapati, mpaka mwanangu wa pili akawa akiniona na bakuli la unga anauliza, "Mama, leo tambi au chapati?" Watoto hawana huruma.

Hapo ndipo nikaingia kwenye magadi. Nilikuwa nimesoma kwamba wavuta tambi wa Asia hutumia maji ya magadi, nikajiambia sisi ndio tuna Ziwa Natron na Ziwa Magadi, tutakosaje? Nikachukua kipande cha yale ya kuchemshia maharage, nikakiyeyusha, nikachuja, nikakandia. Tambi zikatoka za manjano, zina mng'ao na zinatafunika vizuri sana, hilo sikatai. Lakini unga ulikaza zaidi badala ya kulegea, na kipimo kikizidi kidogo tu sufuria nzima inanuka sabuni. Kwa tambi za kukata kwa kisu nitayarudia magadi, nusu ya nilichotia. Kwa kuvuta, hapana.

Kilichofanya kazi ni mambo mawili ya kijinga kabisa, maji na subira. Maji nilipandisha mpaka mililita 260 kwa gramu 500 zilezile, na chumvi kijiko cha chai kilichojaa. Unga unanata mwanzoni, unatamani kuongeza mkavu. Usiongeze. Kanda, funika nusu saa, kanda tena, utaona umebadilika wenyewe. Kisha kata vipande, sokota kamba, zipake mafuta ya kutosha kabisa, zizungushe kwenye sinia kama unavyozungusha chapati za kukunja, paka mafuta tena juu, funika na nailoni. Saa mbili. Si dakika ishirini, saa mbili! Na ziwe mezani, si kwenye friji. Nilikuwa naziweka friji nikidhani joto la hapa Tanga litaziharibu, kumbe baridi ndiyo inayozikakamaza. Joto letu lililolaaniwa kwa kila kitu hapa linafaa sana: gluteni, ile protini inayoushikamanisha unga, inalegea, kamba inakuja yenyewe.

Zana. Mizani ya jikoni ni lazima, hata ile ya bei ya chini ya betri, kwa sababu vikombe ndivyo vilivyonidanganya muda wote huu. Mashine ya tambi ya kuzungusha kwa mkono niliazima kwa jirani nikairudisha: inatoa tambi sawasawa mno, kila moja pacha ya mwenziwe, na supu hii inataka tambi zenye manundu zishike mchuzi. Karai la chuma siliachi. Zile sufuria zisizogandisha haziwezi moto ule.

Pilipili nayo. Wachecheni huiweka pembeni kwenye kibakuli, pilipili nyekundu ya kusaga na kitunguu saumu kilichopondwa, kisha unamwagia mafuta ya moto, inatoa sauti shwaa, na tone la siki. Nilitumia pilipili kichaa zilizokauka, nikazitwanga kwenye kinu. Blenda inazifanya uji. Onyo tu: mafuta yakitoka moshi yaache yapoe kidogo, la sivyo kitunguu saumu kinaungua na kuwa kichungu.

Mpango wa leo ulikuwa kuvuta tena kwa unga mwingine, nipime kama mililita 250 zinatosha. Sikufika huko. Kipande cha unga kilichobaki jana nilikisukuma unene wa sentimita moja, nikakata vijipande, nikavibonyeza kwa vidole na kuviburuta mezani vikajikunja kama kombe. Hiyo ni galnash, chakula chao hasa Wachecheni, cha kabla ya uhamisho wowote. Unavichemsha ndani ya supu ya nyama, unapakua nyama na galnash kwenye sinia, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi na supu kidogo pembeni, na supu iliyobaki kila mtu anakunywa kwenye bakuli lake. Hakuna kuvuta, hakuna saa mbili, na nyumba nzima ilinyamaza ikila.

Kuna galnash za unga wa mahindi pia, zinakandwa kwa maji yanayochemka. Nina sembe, nina mifupa ya ng'ombe kwenye friza. Mililita 250 zitasubiri.