Bibi yuko wapi sasa?

Jana usiku msibani kwa Bibi, hapa Musoma, tumekesha tukibishana alipo. Shangazi, Mkatoliki, rozari mkononi, anataka misa za kumwombea atoke toharani, mahali roho hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, na Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, jina lake litajwe. Mjomba, Msabato, akafungua Mhubiri 9:5: wafu hawajui neno lolote, Bibi amelala tu mpaka parapanda ya siku ya ufufuo. Na jehanamu, kwake, ni moto wa kuwateketeza waovu wakaisha, si wa kuwachoma milele. Jirani Mlutheri akamjibu kwa tajiri na Lazaro, Luka 16, ambapo tajiri aliyekufa anateseka motoni huku akijua na kusema.

Mimi nilikuwa naitazama kanga ya Bibi, bado imeanikwa kambani. Moto usiokwisha kwa kiumbe cha Mungu, jamani, moyo wangu unaukataa. Shangazi alipoangua kilio, Mjomba alifunga Biblia akamshika mkono.